Mti Nilioujua Sura Nisiujue Jina

Waswahili husema usilolijua ni usiku wa giza. Methali hii sote tumeitumia katika insha zetu, tena mara nyingi bila kuifikiria. Lakini je, lile unalolijua nusu ni nini? Leo nataka kuwasimulia, wanachama wenzangu na walimu wetu wapendwa, habari ya mti nilioujua sura nisiujue jina, na jinsi nusu hiyo ilivyoniponza.

Ilikuwa Jumamosi ya muhula wa pili, siku ambayo Chama chetu cha Kiswahili kilifunga safari ya kwenda Mombasa. Tuliondoka Kinango alfajiri, umande ungali juu ya nyasi. Basi lilipita kando ya milima ya Shimba, likaingia Kwale, likateremka mpaka Kombani, na kabla ya saa tatu tulikuwa Likoni tukingojea feri. Tulizuru Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, tukasoma maandishi na kugusa mizinga. Ilipofika saa sita njaa ikaanza kutuita kwa majina. Mwalimu mlezi wa chama akatupeleka katika bustani moja ya umma, tukaketi kivulini kula viazi karai na mahamri tuliyoyabeba.

Hapo ndipo nilipouona. Ulikuwa umesimama peke yake katikati ya maua, umezungukwa na mawe yaliyopakwa chokaa. Shina lake lilikuwa nene, lanifika kiunoni, limejaa makovu ya makuti ya zamani. Juu yake majani marefu yalikuwa yamesambaa pande zote kama mwavuli uliofunguliwa. Hapakuwa na kibao chochote cha kueleza ni mti gani.

"Huu ni mnazi," akasema mwenzetu mmoja wa Diani huku akitafuna. "Ule mnazi wa kizungu usiorefuka. Kwetu kwa mahoteli iko mingi."

"Aa wapi!" akadakia mwingine. "Mnazi gani una miiba? Huu ni mkindu, bwana. Ukindu wake ndio mama husukia mikeka."

Wa tatu alikwisha kuinuka na kuchungulia katikati ya majani. "Nyote hamjui," akasema. "Njooni mtizame hapa kati. Si nanasi hilo? Huu ni mnanasi uliozeeka!"

Tulicheka mpaka watu waliokuwa wakipumzika bustanini wakageuka. Mwalimu wetu wa Bayolojia, ambaye alikuja nasi kwa sababu basi lilikuwa na nafasi, akaweka chini chupa yake ya maji. "Haya," akasema, "ninyi ambao kwenu ni msituni, hamjawahi kuuona?" Macho yote yakanigeukia mimi, maana kila mtu ajua kwetu ni ndani ndani kabisa, mbali na mji wa Kinango.

"Siujui, mwalimu," nikajibu.

Nilisema uongo, lakini nitayaeleza hayo baadaye. Kwanza niwaeleze jinsi mwalimu alivyotufundisha kuutambua mti, kwani hata mimi niliyeuona mara nyingi sikuwa nimewahi kuutazama.

"Mabishano hayatambui mti," mwalimu alianza. "Tuanze na tunachokiona. Shina la mnazi likoje?" Tukasema ni laini, lina alama za pete kuanzia chini hadi juu. Shina hili halikuwa na pete, lilikuwa na vibaka vya makuti vilivyopangana kama magamba. Basi mnazi ukaanza kuyumba. Akatuambia tushike jani. Lilikuwa gumu kama ngozi iliyokauka, na vijani vyake vilikuwa na meno makali pembeni. Jani la mnazi halina meno. Tena jinsi tulivyofuata jani kuelekea shinani, vijani vilizidi kuwa vifupi, mpaka vile vya mwisho vikawa miiba mitupu.

"Si nilisema mkindu!" yule mwenzetu akapiga kelele.

"Mkindu nao una miiba karibu na shina, hujakosea," mwalimu akamwambia. "Lakini kijani cha mkindu kimekunjika kama mfereji wa maji, wala hakina meno pembeni. Na mkindu hupenda kuota mashina mengi pamoja."

Mwisho tukafika kwenye lile nanasi. Mnazi na mkindu ni mitende, na mitende hutoa maua. Maua ya mnazi hutoka ndani ya karara, nasi sote tumewahi kucheza na makarara kama mashua. Mti huu haukuwa na karara wala ua. Ulikuwa na kitu kama gunzi kubwa la hindi, rangi ya manjano, limejaa magamba yaliyobanana. Mwalimu akatuambia hiyo ndiyo koni, na mti wenye koni hauwezi kuwa mtende hata ungefanana nao namna gani. Ndugu zake wa karibu zaidi ni misonobari kuliko minazi. Ni jamii ya kale sana. Mababu zake waliota duniani zaidi ya miaka milioni 200 iliyopita, kabla ya mti wowote wa maua tunaoujua leo. Kufanana na mnazi ni kwa sura tu, kama vile popo anavyofanana na ndege.

Akaupiga picha kwa simu yake, mti mzima, jani, shina na koni. Kisha akatugeukia tena. "Jina la kitaalamu nitalitafuta mimi. Lakini ninyi ni Chama cha Kiswahili. Kiswahili chake ni nini? Nataka jibu baada ya likizo ya Agosti."

Tukacheka, tukapanda basi. Njiani wenzangu waliimba mpaka wakapata vikohozi. Mimi niliketi dirishani, kimya.

Sasa nifike pale nilipoahidi. Mwaka 2022 nilikuwa kidato cha kwanza. Ninyi wa Kinango mnaukumbuka mwaka ule. Mvua zilikuwa zimekataa msimu baada ya msimu tangu mwishoni mwa mwaka 2020. Vidimbwi vilikauka, na asubuhi ng'ombe walikuwa wakiinuliwa kwa mikono ya watu ndipo wasimame. Kwetu tulikuwa na ng'ombe saba. Ilipofika Desemba alibaki mmoja, naye mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa mlangoni.

Likizo hiyo alikuja mtu na pikapu. Hatukumjua. Alikuwa akiuliza mahali inapoota "minazi ya mawe", akaonyesha picha. Alisema wenye majumba makubwa wanaipenda kwa bustani zao, naye atatoa shilingi 500 kwa kila shina. Mimi na binamu yangu tuliijua. Ilikuwa mitatu, bondeni chini ya nyumba yetu, katika kile kipande cha msitu ambacho hakilimwi kwa sababu ya mawe. Kaya hatukuigusa, hilo nalisema mapema. Hata mtoto mdogo kwetu ajua kwamba kuni ya kaya haiokotwi. Lakini bondeni hapakuwa kaya.

Tulichukua jembe na mtaimbo. Kazi yenyewe ilituchukua siku mbili, maana mizizi ilikuwa imejibana katikati ya mawe. Yule mtu akayafyeka majani yote kwa panga, akabaki na vigogo viwili kama mitungi, akavipakia na kwenda zake. Tukalipwa shilingi 1,000. Tulinunua pakiti nne za unga, sabuni, na madaftari yangu mawili. Unga ule tuliula wiki nzima, nami sitasema kwamba haukuwa mtamu.

Ndiyo maana pale bustanini nilisema siujui. Siwezi kuapa kwamba mti ule ulikuwa mmoja wa ile yetu miwili. Bustani ni nyingi, na wenye pikapu ni wengi. Lakini tangu nilipouona hadi tuliposhuka basi, viganja vyangu vilikuwa vikiukumbuka ule mtaimbo.

Likizo ya Agosti ikafika. Nilikwenda nyumbani na picha ambayo mwalimu aliichapisha kwenye karatasi. Jioni moja nyanya alikuwa ameketi nje akipukuchua mahindi, nami nikaketi karibu yake nikaanza kumsaidia. Nikamwonyesha ile karatasi. Aliisogeza karibu na macho, kisha akaisogeza mbali, kama afanyavyo siku zote.

"Eh, mume wangu," akasema, kwani ndivyo anavyoniita tangu nizaliwe, "hata mjini siku hizi wanapanda mtapo?"

Mtapo! Jina lilikuwa hapo hapo nyumbani, nami nilikuwa nimelizunguka miaka yote hiyo. Nikamwuliza ameujulia wapi. Nyanya akaacha kupukuchua. Akanieleza kwamba mama yake aliwahi kuwalisha kokwa za mtapo mwaka mmoja wa njaa, yeye akiwa mtoto mdogo. Si chakula cha kupikwa hivi hivi, akasema, kwani una sumu. Kazi yake ilikuwa ya siku nyingi, ya kuloweka na kumwaga maji na kuanika, na ilifanywa na wanawake wazima walioijua, si kila mtu. Mbuzi aliyejilia mwenyewe hakuonekana tena. Watoto walichapwa hata kwa kuzichezea zile kokwa nyekundu.

"Ni chakula cha mwisho," akasema. "Ukiona watu wanaulizia mtapo, jua ghala zote ni tupu." Kisha akatazama upande wa bondeni. "Na ile yetu mitatu ingali? Siku nyingi sijateremka, magoti yamekataa."

Ndugu msomaji, ungekuwa wewe ungesemaje? Mimi nilinyamaza kwa muda, halafu nikamwambia yote. Wakati ule wa pikapu nyanya alikuwa kwa shangazi, Samburu, na hakuna aliyekuwa amemweleza. Hakunikemea. Alichukua gunzi jingine akaendelea kupukuchua, na baada ya muda mrefu ndipo aliposema, "Sisi tulikula kokwa, mti tukauacha. Nyinyi mmekula mti."

Maneno hayo hayajanitoka mpaka leo.

Asubuhi yake niliteremka bondeni. Mashimo mawili yalikuwa yamejaa majani makavu. Mtapo wa tatu ulikuwa ungali umesimama, na katikati ya majani yake kulikuwa na koni tatu nyembamba, kila moja juu ya kikonyo chake. Nilizichora katika daftari, nikapima urefu wa jani kwa hatua za mikono, nikaandika kila kitu kama tulivyofundishwa. Sikuchuma chochote.

Shule ilipofunguliwa nilimpelekea mwalimu wa Bayolojia jina na mchoro. Naye alikuwa na la kwake. Alikuwa ameazima kitabu cha Henk Beentje kuhusu miti, vichaka na mimea itambaayo ya Kenya, kilichotolewa na Makumbusho ya Taifa mwaka 1994. Alituambia Kenya ina mitapo zaidi ya aina moja. Kuna kisambo wa milima ya Maungu kule Taita, na kuna mwingine wa milima ya Mathews kaskazini. Huu wa misitu ya pwani, wa Kenya na Tanzania, unaitwa Encephalartos hildebrandtii. Jina la pili ni la Johann Maria Hildebrandt, Mjerumani aliyekusanya mimea katika pwani yetu miaka ya 1870, na mti ulipewa jina hilo na wataalamu mwaka 1874.

Lakini jina la kwanza ndilo lililonishika. Ni la Kigiriki, na maana yake ni mkate ulio ndani ya kichwa, kwa sababu ya ule wanga ulio ndani ya shina. Fikirini hayo. Wazungu waliokaa na vitabu vyao vya Kigiriki, na mama yake nyanya aliyekaa na njaa yake hapa Kinango, wote waliufikia mkate ule ule. Tofauti ni kwamba mmoja wao alijua pia namna ya kuutoa sumu.

Mwalimu akautazama mchoro wangu wa koni. "Huu ni dume," akasema. Nikashangaa, maana sikujua kwamba miti hii ina dume na jike, kila mmoja na shina lake kama mipapai. Koni za dume ni nyembamba na hutoa unga wa uzazi, za jike ni nene na ndizo zenye kokwa. Wadudu wadogo jamii ya fukusi ndio hubeba unga huo kutoka kwa dume hadi kwa jike. Dume akibaki peke yake anaweza kuishi miaka mingi sana, lakini hapati mbegu.

Ndipo akatusimulia habari ya ndugu wa mtapo wetu aitwaye Encephalartos woodii. Mwaka 1895 John Medley Wood aliukuta katika msitu wa Ngoye, Afrika Kusini. Ulikuwa mti mmoja, dume. Machipukizi yake yalichukuliwa na kupandwa katika bustani, na mmoja umekuwa katika bustani ya Kew, London, tangu mwaka 1899. Watu wameutafutia jike kwa zaidi ya miaka 100, na siku hizi hata kwa ndege zisizo na rubani zinazopiga picha juu ya msitu. Hajapatikana. Yote iliyoko duniani leo ni vipande vya dume yule yule mmoja. Inatunzwa vizuri, inamwagiliwa maji, ina vibao vizuri, lakini mtoto haina.

Mitapo ya jamii hii imewekwa katika orodha ya kwanza ya mkataba wa CITES, uliotiwa saini Washington mwaka 1973, ambao unadhibiti biashara ya mimea na wanyama walio hatarini kati ya nchi na nchi. Pembe za ndovu nazo tunazijua kwa mkataba huo huo. Mimi na binamu yangu tulikuwa tumemuuza ndovu wetu kwa pakiti nne za unga, tena bila kujua alikuwa jike au dume.

Sisemi haya ili mnihurumie. Njaa ilikuwa ya kweli, na mtu akija leo na pikapu mwaka wa njaa kama ule, sijui kila nyumba itamjibu nini. Ninachosema ni kwamba tungeujua mti ule kwa jina lake, tungejua pia hadithi yake, na pengine tungemuuzia yule mtu kuku. Kitu kisicho na jina ni rahisi kukiuza. "Minazi ya mawe" lilikuwa jina la mnunuzi. Mtapo ndilo jina la wenye nao.

Chama chetu kilikubaliana kuandika kibao kwa ajili ya mti wa bustanini, na mwalimu mlezi akazungumza na mtunzaji wa pale, naye akakubali kwa furaha. Fundi seremala wa shule alitupatia ubao. Maneno tuliyaandika sisi wenyewe, baada ya mabishano yaliyochukua mikutano miwili: "MTAPO. Encephalartos hildebrandtii. Si mnazi. Asili yake ni misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania. Kokwa zake zina sumu, usizile." Mimi nilitaka tuongeze mstari mmoja: "Uling'olewa Kinango." Mwalimu aliniuliza polepole, "Una hakika?" Nikasema sina. "Basi hatuwezi kuandika," akasema. Na ni kweli. Kutambua mti ni kusema kile tu ambacho una hakika nacho.

Kibao kiko tayari, kimepakwa rangi, kiko katika ofisi ya mwalimu mlezi kikingoja safari yetu ijayo. Yule dume wa bondeni angali yuko. Nyanya ameniagiza niulize watu wa vijiji jirani kama kuna mwenye jike, na likizo hii nitaanza kuuliza.

Na wewe mwenzangu, ukirudi nyumbani likizo hii, shika jani la mti mmoja usioujua jina, ukamwonyeshe mzee wako. Usichelewe. Magoti yao yamekwisha kukataa kuteremka bondeni.